Mhuri Kwenye Kadi ya Hakimu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na mgongo wako umetulia tangu ulipoacha kupandisha ndoo za maji ghorofani mbili mbili. Shemeji hajambo? Na wanangu je? Mwambie yule mdogo kwamba mchoro wake wa Hakimu ulifika salama nami nimeubandika jikoni, ingawa kamwongezea mbwa mguu wa tano. Huku tunapumua. Kiafya sina neno, ila usingizi umenipa talaka tangu wiki tatu zilizopita, na ndiyo maana mwandiko wangu unapanda na kushuka. Hii ni mara ya tatu naianza barua hii. Mbili za kwanza nimezichana.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza. Tangu utoto wetu, nikianza kukueleza kosa langu hunifikishi katikati, unanihurumia, na mimi naishia hapo hapo kama mtu aliyesamehewa. Safari hii naomba unisome hadi mwisho.

Basi, tangu uhame, halmashauri imepitisha sheria ndogo mpya za kufuga katika makazi, na mimi nikapewa mtaa wetu na mingine mitatu kuisimamia. Sheria zenyewe si mbaya. Kiwanja cha ukubwa wa kwetu mwisho kuku kumi na wawili. Jogoo haruhusiwi. Banda liwe mita tatu kutoka ukuta wa nyumba ya jirani, chakula kikae kwenye chombo chenye mfuniko ili panya wasije kwa karamu, samadi iondolewe kila wiki. Mwenye mbwa awe na ua usio na tundu, na awe na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa isiyozidi mwaka. Nilizikariri zote na namba zake, hadi watu wakanibatiza Bi Kifungu. Nikipita na jalada langu kwapani nasikia mtu anamwambia mwenzake afiche hata sisimizi. Nilijifanya kuchukia, lakini jina lile nililipenda, dada. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mtu ambaye watu hunyanyuka akija.

Jirani yetu wa kulia unamkumbuka, Fundi, yule mshonaji aliyekupunguzia gauni la harusi likiwa mwilini mwako na pini mdomoni mwake. Tangu awe mjane alianza kufuga kuku, kwanza watatu, halafu kuku kama ujuavyo hawajui uzazi wa mpango. Walifika kumi na wanane, na jogoo juu yake. Jirani yake wa upande wa pili, Mwalimu Mstaafu, akaleta malalamiko ofisini kwa maandishi, kurasa mbili, akieleza harufu, kelele za alfajiri, na manyoya yaliyokutwa ndani ya kikombe cha chai. Mkuu wa idara akanikabidhi nishughulikie.

Ningeweza kwenda jioni, kama jirani, nikaongea naye mlangoni. Nilikwenda saa nne asubuhi na sare, na futi ya chuma. Fundi hakubisha. Alitoa futi yake ya kitambaa shingoni akapima nyuma yangu, na zikatofautiana vidole vinne, tukarudia. Nikahesabu kuku. Nikahesabu tena, maana hawatulii, na mara ya pili nikamwambia pengine yuko mwingine kajificha chini ya meza ya kukatia nguo. Siku kumi na nne nilizompa zikamtosha: jogoo na kuku sita wakaenda kwa shangazi yake, wakabaki kumi na wawili kamili, na banda akalihamisha. Kwa kuwa nyumba yetu iko mbali na mpaka, upande wetu ndio pekee uliotimiza zile mita tatu. Banda jipya likakaa limeegemea ua wangu, mimi mwenyewe nikaja nikaweka alama ya vema kwenye fomu.

Huo ua ndio ule ule ulioachia ubao mmoja nyuma ya tangi la maji. Nilikuwa nimeziba pale kwa mlango mkuukuu wa kabati, nimeuegemeza tu. Kwa fomu za watu wengine ningeandika "ua wenye tundu, onyo la kwanza." Kwangu niliita matengenezo madogo.

Sasa nifike kwenye Jumamosi yenyewe. Nilikuwa naosha vyombo mchana, nikasikia kuku wanapiga kelele ambazo si za kutaga. Nilipotoka Hakimu hakuwepo uani na ule mlango wa kabati ulikuwa chali. Niliruka kwa Fundi nikamkuta kapiga magoti, kashika miguu ya kuku mweupe, Hakimu kashika upande wa kichwa, wanavutana. Nilipomwita mbwa aliachia kuku, akafunga meno kwenye mkono wa Fundi, chini ya dole gumba, mkono wa kulia. Ule wa mkasi. Akauachia mara moja, kama aliyeshtuka mwenyewe, akamkwapua kuku aliyekwisha kufa na kurudi naye tunduni.

Kitu cha kwanza nilikijua na nilikifanya. Nilimpeleka bombani nikaosha jeraha kwa sabuni, dakika kumi na tano nikitazama saa, maji yanapita. Matundu mawili, moja la kina. Hakulia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya kawaida, kama mbwa wangu amechanjwa. Nikasema ndiyo. Akasema angependa kuona. Nikaenda nyumbani, nikafungua droo, nikaleta kadi. Fundi husoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alifika kwenye mhuri, akakaa hapo kidogo, akasema kama ni mhuri wa ofisi yenu basi hana wasiwasi, na ana sare za shule arobaini za kumaliza, foleni ya hospitali hana nafasi nayo. Nikamfunga bandeji. Nikamwambia kuku wake nitamrudishia. Akaniambia nizibe ua.

Niliziba jioni ile ile, misumari kumi na minane. Nikamfunga Hakimu mnyororo karibu na mlango wa jikoni. Halafu ndipo kutotulia kukaanza. Jumapili nilibadilisha maji ya kunywa ya mbwa mara sijui ngapi ili tu nimwone anakunywa. Nilikaa nikasimama, nikafagia palipofagiwa. Jumatatu ofisini niliandika barua ya onyo kwa mtu mwenye bata nikakosea jina lake, nikairudia, nikakosea tena. Kila nilipopita kwa Fundi nilisikiliza cherehani. Ikilia nashusha pumzi. Ikinyamaza nasimama njiani nikingoja ianze, watu wananipita wakidhani nimesahau kitu.

Utajiuliza, mbwa ana kadi, ya nini yote hayo. Hapa ndipo barua mbili za kwanza zilipochanikia.

Dada, Hakimu hakuchanjwa. Barua niliyokuandikia miezi minane iliyopita, nikakuambia nimetimiza ulichoniagiza ulipokuwa unaniachia mbwa wako, ilikuwa ya uongo. Siku ile ya chanjo mimi ndiye niliyekuwa na daftari na mhuri, Daktari wa mifugo akichoma. Asubuhi, kabla watu hawajafika, nilianza kwa kuigonga kadi ya Hakimu nisije nikasahau. Yeye nilimwacha nyumbani. Unajua anavyokuwa mbele ya mbwa wengine, na sikutaka watu wamwone mbwa wa Bi Kifungu anaburuta mtu. Nilipanga nibebe dozi moja jioni, Daktari aje kumchoma uani kwetu. Saa tisa dawa ikaisha na foleni haijaisha. Daktari akasema wengine waje Jumatatu. Jumatatu ikapita, nikasema wiki ijayo, na kadi ikawa drooni inaniangalia kila nikitafuta kiberiti, mhuri wake umenyooka kuliko yote niliyopiga siku ile.

Na kuna lililonitia hofu zaidi. Wiki mbili kabla ya kumng'ata Fundi, Hakimu alirudi kupitia tundu lile na sikio limechanika. Alikuwa amepigana na mbwa mmoja wa jalalani. Siku tatu baadaye yule mbwa wa jalalani alikutwa amekufa kando ya mtaro. Niliitwa kama afisa. Niliagiza azikwe. Sikuuliza amekufa kwa nini, maana ningeuliza, ningelazimika pia kuuliza nani alipigana naye.

Jumanne asubuhi niliamka nikamkuta Hakimu hajagusa chakula. Mate yalikuwa yanamtoka, marefu, yanagusa sakafu. Alikuwa anajifuta mdomo kwa mguu wa mbele. Nilisimama pale na bakuli la maji mkononi. Nikaliweka bakuli chini, nikatoka nje nikiwa na kandambili, nikaenda kwa Fundi.

Nilimkuta kwenye cherehani, mkono na bandeji yake, anakunja pindo la sketi ya bluu. Nilimwambia nikiwa mlangoni, kwa sababu nilijua nikikaa nitatafuta maneno mazuri.

"Fundi, Hakimu hana chanjo. Kadi ile mhuri nilipiga mwenyewe, sindano hakuchomwa. Leo anatoa mate."

Alishona hadi mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, akaikunja ile sketi akaiweka juu ya nyingine. Kisha akasema, "Kuku wangu uliwahesabu mara mbili."

Nikasema ndiyo.

"Haya. Viatu vyangu viko nyuma yako, nisogezee."

Tukaenda hospitali. Muuguzi aliuliza ameng'atwa lini, na alipoambiwa Jumamosi akauliza mbona leo. Nilitaka kujibu mimi, lakini Fundi alitangulia. Alisema huyu ni jirani yangu, ni wa halmashauri, aliniambia mbwa amechanjwa na hajachanjwa. Muuguzi akainua macho akaniangalia, akaandika kama alivyoambiwa. Hakupandisha sauti. Alieleza kwamba kuchelewa si kuzuri lakini sindano bado zina kazi mradi mtu hajaanza kuumwa, akamchoma Fundi ya kwanza mkononi, na nyingine kuzunguka lile jeraha, chini ya dole gumba. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Alinipa mkoba wake niushike, na sikujua niushikeje.

Tukiwa kwenye benchi tunangoja nusu saa waliyotuambia tungoje, aliniuliza, bila kugeuka: "Ni huyu wako peke yake?"

Ningeweza kusema ndiyo, dada. Hakuna aliyejua, hata Daktari hakujua. Ilinichukua muda mrefu kiasi kwamba alipata jibu kabla sijalitoa. Dawa ilipoisha siku ile, kulikuwa na watu saba kwenye foleni, wamesimama na jua lote, wananung'unika. Idara ilitaka takwimu zifike mia mbili. Nikawagongea kadi zao wote saba, nikawaambia waje Jumatatu kwa sindano. Jumatatu walikuja watatu. Wanne hawakuja, na sikuwafuata, kwa kuwa kwenye daftari langu walikuwa wamekwisha chanjwa.

Fundi alisikiliza. Akauliza kama wale wanne wanajua. Nikamwambia nadhani walidhani mhuri unatosha, kama alivyodhani yeye. Akasema, basi nisikae pale nikimshikia mkoba, kwake anajua njia.

Nilitoka hapo moja kwa moja kwa Daktari, halafu kwa mkuu wa idara. Daktari alikuja na glavu nene akamtenga Hakimu kwenye chumba cha stoo. Kesho yake, kwa taabu kubwa na kamba mbili, alimfungua mdomo akakuta kipande cha mfupa wa kuku kimekwama kati ya magego. Ndicho kilichokuwa kinamtoa mate. Alikitoa, na mbwa akala jioni hiyo. Hata hivyo Daktari alisema mfupa hauthibitishi kitu, tutahesabu siku kumi tangu ang'ate. Zikahesabiwa. Ya kumi ilipita na Hakimu ni mzima, anakula, anabweka, amechanjwa, kwa sindano ya kweli safari hii, mimi mwenyewe nimeona ikiingia. Fundi ameshapata sindano tatu, imebaki moja. Dole gumba linakunjika ila halijapata nguvu. Mkasi mkubwa anautumia kwa mkono wa kushoto na kitambaa kinapinda. Sare arobaini zilichelewa.

Mkuu wa idara, nilipomweleza juu ya kadi nyingine, alifunga mlango. Alinishauri kwa upole kabisa. Alisema niwapitie wale wanne na Daktari, tuseme ni sindano ya kuongezea nguvu, imeagizwa, wachanjwe yaishe, kwa nini tujivue nguo sokoni. Nakuambia ukweli wangu, nilifika hadi kwenye geti la kwanza nikiwa na maneno hayo mdomoni.

Geti la kwanza lilikuwa la Mwalimu Mstaafu. Naye ana mbwa, kale kadogo keupe kanakolala kitandani na wajukuu. Alinikaribisha vizuri, akanishukuru kwa habari ya kuku wa jirani, akasema watu wa kufuata sheria wamekuwa adimu. Baada ya hapo yale maneno ya kuongezea nguvu yakakataa kutoka. Nikamweleza kama nilivyomweleza Fundi. Alivua miwani, akawaita wajukuu mmoja mmoja, akawakagua mikono na miguu mbele yangu, akiuliza kila kovu lilitoka wapi. Mbwa akachanjwa. Keshoye barua ya malalamiko dhidi yangu ilikuwa mezani kwa mkuu wa idara, kurasa nne, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Sikuona neno moja la uongo ndani yake.

Kinyozi wa kona alicheka, akafikiri ni utani, halafu alipoona Daktari anafungua boksi la dawa akaacha kucheka. Mama muuza mkaa aliniambia mbwa wake aligongwa na gari miezi minne iliyopita, nikajikuta nafurahia kifo cha mbwa wa watu, nikaona haya. Amebaki mmoja, dereva wa lori aliyekuwa amepanga nyuma ya kiwanda cha matofali. Alihama na jike lake la rangi ya kahawia, kifuani jeupe, na wanasema lilikuwa na mimba. Hakuna ajuaye alikohamia. Kila nikitoka kazini nazunguka kwenye gereji na vituo vya mafuta nikiuliza, na watu wanadhani namdai au ni mume aliyenikimbia. Wengine wamenipa pole.

Kwa sasa nimenyang'anywa mhuri. Nakaa chumba cha majalada, napanga faili za mwaka juzi. Kamati ya nidhamu inakaa Ijumaa, na nimetakiwa kuleta maelezo kwa maandishi. Nimejaribu mara nne, na kila mara yanatoka vifungu: kwa mujibu wa hiki, kwa kuzingatia kile. Ukisoma unaona hakuna mtu aliyefanya kitu, mambo yamejifanya yenyewe. Ndipo nikaona nianze kwako. Nikishaiweka hii kwenye bahasha nitanakili kutoka humu yale yanayofaa kusomwa na watu wasionipenda.

Najua utataka kuandika kwamba ni uchovu, kwamba kazi ilikuwa nyingi, kwamba kila mtu hufanya. Nakuomba usiandike. Na ukitaka kumchukua Hakimu nitaelewa, ni mbwa wako. Niambie tu siku ya kuja.

Fundi na mimi hatuongei. Anajibu salamu, basi. Kuku mweupe niliyemnunulia alimpokea, akamweka bandani. Lakini jana asubuhi, nikiwa naanika nguo, nilisikia ananiita kutoka upande wa pili wa ua. Sikumwona, ni sauti tu kupitia mbao. Alisema kuna mteja wake anapika chakula cha vibarua kwenye ghala la saruji, nje ya mji, na pale hulala lori moja la kijani. Chini ya lori kuna jike la kahawia, kifua cheupe, na watoto watano. Kumbe Fundi amekuwa akimuuliza kila anayeingia kupima nguo, wiki zote hizi.

Nikamshukuru. Akasema, "Usinishukuru. Nenda," na nikasikia cherehani inaanza.

Lori lilikuwa limeondoka safari jana ile ile pamoja na mbwa hao, wanasema linarudi kesho. Daktari amekubali tutoke saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshatayarisha boksi la barafu, kamba, na kadi sita, zote tupu.

Nisalimie shemeji, na wanangu uwabusu kwa niaba yangu. Mwambie mchoraji wangu Hakimu ni mzima na bado ana miguu minne. Uchunge mgongo wako. Nami niombee, si kwa ajili ya Ijumaa; niombee hiyo kesho.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemwachia mbwa.